Sungura wa Sweta Lako

Mdogo wangu,

Huku hatujambo, ila paa la jikoni linavuja na fundi anatupiga chenga. Kile kidude ulichorekodia sauti yako huko hospitalini kimefika salama. Sungura wa kukitia nimemshona kwa lile sweta lako la kijani. Sikio moja limezidi lingine, na mwanao anasema amefanana na mjomba.

Shida ni kwamba kila nikishindilia pamba, kidude kinabonyezeka na wewe unaanza kusema. Jana mwanao alikusikia akiwa anaoga. Alikuja mbio na mapovu yake, akafungua kabati, akachungulia uvunguni. "Mama mkubwa, umemficha wapi?" Nikamfunga taulo, nikamrudisha bafuni.

Kwa hiyo nimekusikia mara nyingi kuliko ulivyotaka. Unamwambia ale vizuri, anisikilize mimi, asiogope giza. Husemi popote kwamba utarudi. Nilidhani betri imekata maneno, nikabonyeza tena na tena.

Daktari amekuambia nini ambacho mimi sijaambiwa? Simu yako haipatikani.

Mwanao anamdai sungura wake kila akiamka. Namwambia bado. Uzi na sindano viko mezani, lakini mgongo wake siufungi mpaka urekodi upya.

Ni mimi,
dada yako