Waranti ya Nungu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemfurahisha kaka! Ile spana ya bomba aliyoachiwa na marehemu baba, chapa Nungu, meno yameliwa, inateleza kidogo. Nikamwambia ailete hapa dukani. Nungu wana waranti ya maisha: unarudisha ya zamani, unapewa mpya, bure kabisa. Kaka akasita. Eti hii ni ya baba. Nikamcheka — baba mwenyewe angekuwa wa kwanza kwenye foleni! Akaniuliza hayo maisha ni ya nani, ya spana au ya fundi bomba. Mdomo wa kaka hauna breki.

Kadi nimeijaza kwa mkono wangu, muhuri nimegonga mwenyewe. Ya baba nimeitupa kwenye boksi la marejesho kule stoo. Mpya inang'aa, tena nyepesi. Kaka ameifunga utepe wa njano mpinini, isije ikaibiwa saiti.

Jumatano, 5 Machi

Makanika wa jirani karudisha spana ya Nungu, namba kumi na tisa. Tulimuuzia mwezi jana tu. Taya limekatika, ndani chuma kina chembechembe kama biskuti iliyovunjwa. Kipande kilimrukia, ana plasta juu ya nyusi. Kidole kimoja chini zaidi ingekuwa jicho.

Bosi akaniambia nijaze fomu. Kwenye sababu niandike "matumizi mabaya". Waranti haihusu matumizi mabaya. Nikaandika. Makanika akasema yeye alifungulia nati, au tulitaka aipigie mswaki? Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Kisha nikaigonga fomu muhuri.

Alhamisi, 6 Machi

Wawili leo. Nyundo iliyochomoka kichwa, na spana nyingine. Matumizi mabaya. Matumizi mabaya.

Nimemuota baba. Alikuwa anatafuta kitu kwenye sanduku lake la vyombo vya kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Sasa najua. Bora nisingejua.

Amekuja msambazaji anayetuletea mzigo. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kaunta napanga bisibisi, yeye na Bosi wakadhani wako peke yao. Kiwanda cha Nungu kiliuzwa tangu mwaka juzi. Wamiliki wapya wamenunua jina tu. Chuma kinatoka popote kilipo rahisi. Na zile chapa tatu za rafu ya juu, zinazopigana vijembe kwenye matangazo — zote za tajiri huyo huyo mmoja! Nami kutwa nzima nawashauri wateja wachague ipi.

Nikainuka vibaya, bisibisi zikamwagika. Bosi akanitazama. Akasema atakayeichafua Nungu kwenye kaunta yake akatafute kaunta nyingine. Alisema polepole, anatabasamu. Heri angefoka.

Walipotoka nikakimbilia boksi. Ya baba ipo! Nzito, mkono unashuka. Nungu amechorwa ndani ya chuma chenyewe, unampapasa mwiba kwa mwiba. Ile ya kaka nungu wake ni stika. Nimeificha ya baba nyuma ya makopo ya rangi. Nimeiba spana ya baba yangu mwenyewe. Kisa gani hiki?

Jumamosi, 8 Machi

Nimempigia kaka. Nilikusudia kumwambia yote. Nikaishia kusema: pitia dukani, kuna kitu chako. Kitu gani? Njoo tu. Nikimwambia ukweli nitakuwa nimetangaza sokoni. Atakuja na sauti yake yote, asimame katikati ya duka, na kazi yangu imekwisha siku hiyo hiyo.

Akasema ana kazi ya tangi la hosteli, juu kabisa, ghorofa ya nne. Mabomba yameshika kutu, lazima uning'inie kwenye spana kwa uzito wote. Jumanne akimaliza atapita.

Wifi akamnyang'anya simu. Eti kaka analala na spana mpya kando ya kitanda, yeye wifi ameletewa mke mwenza wa chuma! Nikacheka mpaka machozi. Hayakuwa ya kicheko.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika ujumbe: usiitumie ile spana. Nimefuta. Nimeandika tena. Nimefuta.

Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Wake. Na wa kaka je?

Jumatatu, 10 Machi

Kesho alfajiri nampigia, kabla hajapanda. Kazi na iende. Nimeamua.

Jumanne, 11 Machi

Alfajiri simu yake ilikuwa imezimwa. Nilipofika dukani Bosi yupo kaunta, bega kwa bega nami, hadi saa nne. Alipokwenda kunywa chai nikapiga. Inaita, haipokelewi. Mara tatu. Akiwa juu huiacha chini kwenye begi, namjua.

Saa sita. Niko stoo. Nilikuja kuchukua misumari ya mteja, mlango uko wazi kidogo, nikamwona msimamizi wa ile hosteli, mteja wetu, anaingia. Ameweka mfuko mkuukuu wa saruji juu ya kaunta. Ndani yake ametoa vipande viwili vya spana. Kimoja ni mpini, una utepe wa njano.

Bosi kamuuliza kadi ya waranti iko wapi. Kasema kadi anayo fundi, na fundi hawezi kuja.

Bosi hakuuliza kwa nini.

Kutoka siwezi bado, ndiyo maana naandika. Nimekaa juu ya kopo la rangi, spana ya baba mapajani. Nikitoka nitamuuliza yule mtu, naye atanijibu. Mungu wangu, atanijibu!

Bosi ananiita nilete fomu na kalamu. Fomu hizi hapa, rafu ya pili. Kalamu ndiyo hii. Anaita tena. Anamwambia mgeni asiwe na wasiwasi, ni kazi ya dakika mbili tu — huyu binti ameshazoea, sababu anaijua.