Muziki wa Ng'ambo ya Mto

Wendelstedt, 2 Februari 1714

Mwanangu Detlef,

Mimi mzima, isipokuwa masikio. La kushoto limeshakufa, la kulia linafuata. Maisha yangu yote nimepiga tarumbeta juu ya mnara wa mji huu, leo kengele ya palepale siisikii mpaka niiguse. Mama yako hajambo, ananipigia kelele kwa raha zake zote.

Wasafiri wanasema nyimbo unazotunga zinaimbwa Hamburg, na kabla ya hapo Bremen, na kabla ya hapo sijui wapi. Mimi baba yako sijasikia hata mmoja. Njoo Pasaka na wenzako, mpige kanisani kwetu kabla hili la kulia halijafunga.

Baba yako


Hamburg, 20 Februari

Shikamoo baba,

Afya ninayo, utulivu ndio sina. Nimehama nyumba tena. Nikikaa mahali miguu inaniwasha. Ila nimekutungia wimbo wa Pasaka. Una tarumbeta tatu, na ile ya kwanza nimeiandika vile unavyopiga wewe, kwa majivuno. Nakuja. Safari hii ni kweli, usicheke. Mama msalimie.

Mwanao


Wendelstedt, 15 Machi

Mwanangu,

Sisi tupo. Usije. Mtawala amefariki, na nchi nzima imewekewa matanga ya mwaka mmoja. Kinanda cha kanisa kimefungwa kwa kufuli, fidla haziguswi hata harusini, tarumbeta yangu imetundikwa ukutani. Jogoo tu ndiye ameruhusiwa.

Mwaka mzima, Detlef. Mimi mwaka huo sina. Jana mama yako aliangusha sufuria nyuma yangu, sikugeuka, akakaa chini akalia. Naogopa, mwanangu.

Baba yako


Hamburg, 2 Mei

Shikamoo baba,

Pole sana. Nimezunguka chumbani siku nyingi nikiwaza, na nimepata. Ng'ambo ya mto si nchi yenu, huku tunapiga tunavyotaka. Najua mtumishi wa mji kama wewe akionekana penye muziki wakati wa matanga anafukuzwa kazi. Basi usivuke. Siku ya Mtakatifu Yohana, tarehe 24 Juni, mchana, simama kivukoni upande wenu kama mtu anayesubiri mashua. Sisi tutapiga upande wetu. Hakuna sheria ya kuziba masikio.

Mwanao


Hamburg, 21 Juni

Baba,

Shikamoo, na nisamehe. Usiende kivukoni. Mtunzi wa jumba la opera ametoroka, wamenipa mimi nimalizie kazi yake, na wananitaka hapa kila siku. Hii ndiyo nafasi niliyoihangaikia tangu nitoke nyumbani. Nakula nimesimama. Mchukuzi wa barua yuko mlangoni ananung'unika. Najiona mtu mbaya kweli. Tupange Septemba.

Mwanao


Kivukoni, 24 Juni

Mwanangu Detlef,

Natumaini mmefika salama huko mjini. Nimewaona. Mlisimama kwenye nyasi, wewe mbele na kofia ya bluu, mkono unapanda na kushuka. Sikusikia kitu, nisikudanganye. Labda ni upepo, labda ni sikio. Lakini yule wa tarumbeta ya kwanza alipovimbisha mashavu nilijua amefika wapi, maana yule ni mimi. Nililia mbele ya wavushaji, sikuona haya. Mama yako alitazama chini muda wote.

Mliondoka kabla sijakupungia mkono. Ahsante, mwanangu. Sasa acha masikio yaende yanakotaka.

Baba yako


Wendelstedt, 5 Julai

Detlef,

Hatujambo. Barua yako ya tarehe ishirini na moja imefika leo. Mchukuzi aliugua homa njiani. Nimeuliza kivukoni. Ilikuwa harusi ya mwoka mikate wa upande wenu. Mama yako alisikia tangu mwanzo kwamba wanapiga dansi, akaninyamazia. Sijamlaumu.

Nimeumia, siwezi kukuficha. Usihangaike na Septemba, la kulia limeshafunga. Maliza hiyo opera, na ule umekaa.

Ila mji mzima nimeshawaambia kwamba ulikuja. Mchungaji kanishika mkono, na jirani yetu ambaye hana neno zuri kwa mtu amesema nimezaa mtoto. Kwa hiyo siku ukirudi, wakikuuliza habari za kivukoni, usiniumbue.

Baba yako