Mzee Amevuka

Lunyo, Busia ya Uganda
Jumapili, Oktoba

Kwako kaka yangu Arnold,

Salamu nyingi zikufikie huko Kisumu, wewe na wote unaofanya nao kazi karakanani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kikavu, na macho yako hayajaharibiwa na moto wa kuchomea vyuma. Sisi huku tu wazima. Nalirudia neno hilo ulisome vizuri: wazima sote, na baba akiwemo. Mama hajambo, ila mguu wake bado unamsumbua mvua ikikaribia. Yule ng'ombe wa madoa amezaa ndama jike, na mihogo ya kando ya njia imestawi hata wapita njia wanaikodolea macho.

Utashangaa dada yako kukuandikia kwenye karatasi wakati kila mtu ana simu. Lakini ni wewe uliyeifungia namba yangu, ukajiondoa kwenye kundi la familia, na mama akikupigia unamwambia uko kazini halafu unakata. Basi barua hii nimempa Lenox, yule dereva wa lori la saruji, maana lori halina hasira na mtu. Nimemwambia asitoke hapo karakanani mpaka aone umeifungua. Kama amesimama mbele yako sasa hivi anakukazia macho, mpe chai, anatimiza ahadi.

Najua kilichokukasirisha. Ni ile picha. Baba ameketi, shati limemlegea, kidole kimoja kimeinuliwa juu, alama ya watu wa chama cha Jembe, na mkono wa mtu umemshika kiwiko. Chini yake maneno mawili: Mzee amevuka. Wewe hukuuliza amevuka nini. Sisi watu wa mpakani tunalitumia neno hilo kwa mengi. Mtu huvuka kwenda Kenya kununua mafuta ya kupikia, huvuka kutoka chama hiki kwenda kile, na huvuka hatari. Wewe ulishika hilo la chama tu, ukaandika mbele ya ukoo mzima kwamba kama mzee amevuka kwenda Jembe, asikuhesabu tena miongoni mwa wanawe, na kwamba mkono ule wa kwenye kiwiko ni mkono wa Jembe unaomwinua kama mwanasesere. Mama aliyasoma maneno hayo. Nilitamani nikushike kola, lakini mpaka ulikuwa umefungwa.

Sikulaumu kwa kuumia. Nakumbuka wewe na baba mlivyokula moshi wa machozi pamoja kwa ajili ya chama chetu cha Taa, mkarudi nyumbani macho mekundu, mkicheka, mnasalimiana kwa kiganja wazi, alama yetu, kama watoto waliopewa sikukuu. Mtu wa namna hiyo ukimwona ameinua kidole cha Jembe, lazima moyo ukupasuke. Nakulaumu kwa kutouliza, kaka. Hebu sasa usome polepole.

Uliondoka kabla mambo hayajaharibika. Serikali ilipounda kamati za korona vijijini, tulidhani watawekwa wauguzi na walimu. Wakawekwa watu wa Jembe, kuanzia mwenyekiti hadi mshika ufunguo wa stoo. Posho ya unga na maharage vilipokuja, vilianzia kwenye nyumba zilizochorwa jembe ukutani, na vilipofika kwetu tukaambiwa gunia limekwisha. Mgombea wa Taa alileta sabuni, akakamatwa kwa kosa la kukusanya watu. Kesho yake mgombea wa Jembe akaleta barakoa, watu wakasongamana hata kuku wa Mama Akwi wakakanyagwa, na polisi wale wale ndio waliokuwa wakipanga mstari. Tulicheka, lakini kicheko cha uchungu.

Nasi watu wa Taa hatukuwa werevu kuliko wao. Kwa kuwa Jembe walisema ugonjwa upo, sisi tukasema haupo, umebuniwa ili mikutano yetu ipigwe marufuku. Dumu la maji ya kunawa liliwekwa kisimani, lina picha ya jembe, basi watu wetu wakawa wanalipita na mikono yao michafu kwa fahari kabisa. Barakoa nazo zilichapwa jembe mbele, pale pale mdomoni. Baba alisema hawezi kufungwa mdomo kama ng'ombe anayezuiwa asile mahindi ya watu. Aliyekohoa kwa Jembe alisemwa kuwa ana korona, aliyekohoa kwa Taa alisemwa kuwa ana vumbi. Ugonjwa ulikuwa umechukua kadi ya chama.

Jambo moja tu lilimtikisa baba. Ni maziko ya Mzee Fabiano wa Bulumbi. Si korona iliyomuua, ni moyo, lakini mwanawe Allan alikuwa amekwama Busia ya Kenya, mwendo wa boda tu, na mpaka umefungwa. Unajua mila yetu, mzaliwa wa kwanza wa kiume ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Walisubiri, wakachoka, akatupa udongo jirani. Allan alitazama kwenye simu, na simu yenyewe ikawa inakatika. Baba alirudi kutoka Bulumbi hakugusa chakula. Alimuuliza mama hali hii itaendelea mpaka lini, na mama, unamjua, akamjibu kwamba itaendelea mpaka mpaka ufunguliwe. Siku nyingine baba angecheka.

Mwezi wa saba akaanza kukohoa. Tukasema vumbi. Baadaye homa, kisha akawa anavuta pumzi kama mtu aliyepanda mlima na gunia. Muuguzi wa kituo alikuja akamsikiliza, akamvuta mama pembeni, akamwambia bila oksijeni mzee hatamaliza juma, na oksijeni iko Tororo, hospitali kubwa. Magari ya abiria yalikuwa bado yamekatazwa huku kwetu mpakani. Watu wa boda waliposikia kikohozi kile wakakumbuka kwamba hawana mafuta. Gari lililoruhusiwa kutembea lilikuwa moja tu, la kamati ya korona. Lilinunuliwa kwa pesa ya serikali, yaani yako na yangu, lakini milangoni lilikuwa na jembe kubwa kama mlango wenyewe.

Mama alijifunga leso akaenda kwa Mzee Obbo. Unamkumbuka, yule fundi baiskeli Mjapadhola aliyetoka Rubongi, aliyekuwa akicheza dama na baba kwa visoda vya chupa kila jioni. Siku hizi yeye ndiye mwenyekiti wa Jembe hapa kijijini, na kampeni zilipoanza yeye na baba waliacha dama, wakawa wanapitana njiani kama watu wenye kesi. Obbo alimsikiliza mama, akainamisha kichwa, akasema ataongea na wakubwa. Kabla ugali wa mchana haujaiva, gari lilikuwa uani kwetu. Nilipanda na baba nyuma, mama akabaki amesimama na mwiko mkononi.

Njia nzima nilikuwa namwambia Mungu maneno ambayo padri hawezi kuyapenda. Tulipofika Tororo tulipokewa na muuguzi mmoja anaitwa Patricia, Mungu amzidishie. Alikuja na kile kimashine cha kubana kidoleni, kinachopima hewa ndani ya damu, akamwomba baba kidole. Baba, hali roho iko kooni, akafungua kiganja chote! Patricia akadhani hakusikia, akarudia kwamba anataka kidole kimoja. Baba akampa kile kidogo cha mwisho. Patricia akasema afadhali kile cha shahada, ndicho kinachokaa vizuri. Baba akamjibu kwa sauti ya kukwaruza kwamba hicho kimekwisha kufanya kazi yake leo. Patricia hakuelewa, akapima hicho hicho kidogo, akakunja uso, akakimbilia mtungi wa oksijeni.

Siku zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Nililala nje ukumbini, nikawa nikisikia magurudumu ya kitanda nasimama. Lakini asubuhi moja Patricia alitoka, amevua miwani, akaniambia mzee amevuka. Nakuapia, Arnold, niliketi sakafuni pale pale. Nikamuuliza amevuka wapi. Akacheka, akasema amevuka hatari, anadai uji, na anasema ule wa hospitali hauna sukari. Nililia pale hata mfagiaji akanipa leso yake. Kama kuna kitu kitamu kuliko kusikia baba yako analalamikia uji, mimi sijakionja.

Alirudi nyumbani amekonda lakini mdomo haujakonda. Watu wa Jembe wakaja kumkaribisha, wakamletea fulana, wakamtaka jukwaani aseme kwa nini amehamia kwao. Baba akawajibu kwa heshima kubwa kwamba serikali imekataza mikusanyiko, naye ni raia mtiifu, hathubutu. Wakaikunja fulana yao wakaondoka, maana sheria ni yao. Watu wa Taa nao wakaja na nyuso ndefu wakidai maelezo. Hapo mimi nikawaambia kwamba picha ilipigwa hospitalini, kidole kilikuwa kwenye kimashine, mtu mbaya akakikata kimashine akabakiza kidole. Wakaamini wote, wakaenda wakiwalaani Jembe kwa ulaghai wa picha. Hiyo ndiyo hadithi inayosimuliwa Lunyo mpaka leo, na ukikutana huko Kisumu na mtu wa huku kwetu atakusimulia hivyo hivyo.

Lakini hiyo ni hadithi ya watu, na wewe si watu. Irudie ile picha uitazame tena, kama hukuifuta. Baba ameketi juu ya nini? Hospitali gani inayotandika mkeka wa mama, ule wenye ukingo wa zambarau, uliochomwa na kaa la moto pembeni? Ile picha ilipigwa nyumbani, kabla gari halijaja.

Ilikuwa hivi. Obbo alirudi nyuma ya mama, akasimama kwenye ua, barakoa ya jembe usoni, machozi yanamlenga. Alisema wakubwa wamemjibu kwamba gari ni la watu wetu, na Wabwire, yaani baba, si mtu wetu, ila kama amevuka, watume ushahidi. Mama alianza kumtukana. Mimi nilikuwa nimemwekea baba mto mgongoni, tukidhani hasikii tena. Basi akaongea, kwa Kiswahili, kwa sababu ya Obbo asiyejua Kisamia chetu. Nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka: "Obbo, toa simu. Mimi nakufa hapana. Mpaka imefungwa, Arnold iko ng'ambo. Nani atanitupia udongo?" Kisha akaniambia nimwinue mkono, maana alikuwa hawezi kuuinua mwenyewe.

Mkono ule kwenye kiwiko, kaka, ambao uliuita mkono wa Jembe, ni wangu. Ukiangalia utaona kovu la jembe la kulimia, la kweli, ulilonikata nalo wewe tukiwa wadogo. Obbo alipiga picha, akaituma kwa wakubwa na maneno yale mawili, na wakubwa ndio walioitapakaza. Baba alipoushusha mkono alisema kidole ni chake, hakukipewa na chama, na kwamba hatakufa kama Fabiano wakati mwanawe yuko karibu namna ile. Ulikuwa unamkana mtu aliyekataa kufa kwa sababu yako.

Amenikataza nisikuambie. Anasema mwana asidaiwe uhai wa baba yake. Mimi nimeamua kutotii, na akinigombeza nitashukuru kwamba ana pumzi ya kunigombeza. Mwenyewe hata kura hataki kusema atampa nani, anasema kisanduku hakina dirisha. Jioni anacheza dama na Obbo tena, wamekaa mbali mbali kila mmoja na barakoa yake, ile ya baba mama ameigeuza ndani nje.

Na sasa mpaka umefunguliwa. Watu wanapita tangu juzi. Nilikwenda mjini nikaona mama mmoja wa Kenya amekumbatiana na dada yake katikati ya barabara, malori yanapiga honi nao hawajali. Nikakukumbuka kwa hasira na kwa upendo, vyote pamoja. Mzee amekwisha kuvuka, kaka. Sasa uvuke wewe.

Mama anakusalimu na anauliza kama bado unapenda mihogo ya kuchemsha au Kisumu imekubadilisha. Obbo anakusalimu kwa aibu. Baba amepita hapa sasa hivi akauliza namwandikia nani, nikasema namwandikia mtu. Ameniambia nimsalimie mtu huyo kwa kidole kimoja, akacheka mpaka akakohoa. Usishtuke, ni vumbi, na safari hii ni vumbi kweli.

Ni mimi dada yako mwenye kovu,
Taaka