Lango la Uzine Nimelifungua Mimi

Baba Amina,

Ni mimi mke wako, naandika na mkono wangu mwenyewe. Amina alisema, "Mama, wewe sema tu, mimi naandika kwenye simu, inaenda haraka." Nikamwambia simu yako weka huko, maneno yangu na baba yako hayapiti kwenye simu ya mutu. Shule niliishia mwaka wa pili, unajua, lakini herufi hazijanikimbia. Kama mistari inapanda kama barabara ya kwenda Bururi, panda nayo.

Habari ya kwanza nakupa bila kuzunguka. Lango la uzine, kile kiwanda chako cha mawese, iko wazi. Nimelifungua mimi, na ile funguo yako uliyoifunga kamba ya wavu. Sasa usianze kukohoa ile kukohoa yako ya kukasirika. Ngoja nimalize.

Wewe na ile uzine! Uliingia pale kando ya mto Dama ukiwa kijana bila ndevu, ukapika zile ngazi nyekundu za michikichi kwenye mapipa, ukajua kwa harufu tu kwamba zimeiva za kukamua mawese. Mimi nilikuwa nakuja na kopo kwenye mlango wa nyuma kuomba yale mafuta machafu ya chini, mimi na mama yangu tupikie sabuni. Wenzako walikuwa wanatutania. Wewe hukucheka hata siku moja. "Shika vizuri, usimwage," ndiyo maneno yote uliyonitongozea nayo. Na mimi mjinga nikaolewa.

Halafu mashini zikazimwa. Patroni, mwenye uzine, akakuita wewe peke yako kati ya wafanyakazi wote, akakupa funguo, akasema, "Linda mpaka nirudi." Akapanda gari lake. Ukaacha kuwa mpishi, ukawa zamu, mlinzi wa lango. Zamu ya nini? Ya mapipa matupu na presi ya kukamulia yenye kutu! Miaka inapita, Patroni harudi, barua hakuna, hata murakoze, asante tu, hukuipata, na wewe kila mwaka kabla ya mvua uko juu ya bati na kopo la lami, unaziba tundu za misumari. Mbuzi akiingia unamtoa kwa adabu kama mgeni.

Sijasahau upepo wa ziwa ulipobeba bati mbili za jiko letu. Nilikuomba bati moja, moja tu, kati ya zile zilizolala bure nyuma ya mapipa. Ukasema, "Si yangu, Mama Amina." Nilisonga ugali nimeshika mwavuli. Ukakaa, ukala, ukasema leo ugali umelegea. Umelegea! Na mvua ilikuwa inaingia kwenye sufuria!

Ulipokufa watu walisema muzee amepumzika. Mimi nilikuwa na hasira. Mwanaume mwingine anamuachia mke shamba. Wewe uliniachia funguo ya nyumba ya mutu.

Sasa sikiliza yaliyotokea, maana hukuyaona. Ziwa limepanda. Si kupanda kwa kurudi, limepanda na limekaa. Ile pwani tuliyokuwa tunaanika vile visamaki vya ndagala, yote iko chini ya maji. Nyumba ya Mama Neema, yule mukongomani wa Baraka anayeimba kanisani, yule uliyekuwa unamwita Redio, imebaki ukuta mmoja na samaki wanapita mlangoni bila hodi. Wanawake wakaanza kuanika ndagala kando ya barabara. Malori yanawamwagia vumbi, mvua ikija wanakimbia na maturubai, nusu ya mzigo inaoza. Na ukitazama juu kidogo, kwenye kilima cha mto, unaona nini? Uzine. Kavu. Na sakafu, na bati, na lango lililofungwa.

Mama Neema alikuja na wenzake. "Bibi, tunajua funguo iko kwako. Tufungulie, tuanike tu, jioni tunatoka."

Nikasema, "Si yangu."

Baba Amina, nilisikia mdomo wangu unasema maneno yako, nikataka kujipiga kofi. Lakini nilisema. Wakarudi mara ya pili, nikawafukuza na ufagio. Niliwaambia mume wangu alitoa neno, na neno la marehemu halivunjwi na wauza samaki. Ndiyo, mimi niliyekutukana miaka yote kwa ajili ya ile uzine, nikawa mkali kuliko wewe.

Halafu mvua ikanyesha mfululizo. Siku ilipokatika, asubuhi, Mama Neema akaja peke yake. Hakuimba. Alikuwa na kikapu. Akainama, akaweka mbele ya mlango wangu ndagala zilizooza, za kujaza mkono mmoja tu, zimekuwa uji. Akasema, "Hiyo ndiyo unayolinda, Bibi." Akaenda zake.

Nikauzoa ule uji kwa mikono yangu.

Nilioga. Nikavaa kitenge changu cha Idi, maana sikutaka kwenda kufungua kama mwizi. Nikapita katikati ya barabara, watu wote waone. Kufuli iligoma, imeshika kutu, nikarudi nyumbani kuchukua mawese, nikaimwagia, nikaitukana kidogo, ikakubali.

Ndani kila kitu kilikuwa kama ulivyoacha. Mapipa umeyapindua chini juu yasishike maji. Ufagio umesimama pembeni. Kile kigoda chako. Nilikaa juu yake. Si kwa kuchoka, nilikaa tu. Halafu nikatoka nje nikapiga kelele mpaka barabarani, "Nyinyi wanawake, mnangoja nini? Ingieni!"

Wiki tatu hazikupita, gari likaja kutoka Bujumbura. Mwanaume wa shati jeupe, na shefu wa kartiye, mkubwa wa mtaa wetu, nyuma yake anafuta jasho. Ni mtoto wa Patroni. Wanawake wakaacha kazi, ndagala mikononi.

"Nani amevunja hapa?"

"Hakuna aliyevunja. Kuna funguo. Nimefungua mimi."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni mjane wa zamu ambaye baba yako alimwambia alinde mpaka arudi. Na baba yako yuko wapi?"

Akanishangaa. Akasema baba yake alikufa zamani, kule Ulaya.

Zamani! Nikamuuliza zamani ya lini, akataja mwaka, nikahesabu kwa vidole. Ulikuwa bado mzima, Baba Amina. Ulikuwa bado unapanda juu ya bati na magoti yanalia. Patroni wako amezikwa kule, na wewe unaziba tundu, unamngoja. Hakuna aliyetuma hata salamu na dereva wa lori.

Hapo sikuweza kujizuia. Shefu wa kartiye alisema, "Bibi, polepole," nikamwambia na wewe nyamaza, nitakufikia. Yule kijana alikuwa anaeleza kwamba amepata mutu wa kununua vyuma na bati, wavunje, wabebe. Nikamshika shati lake jeupe na mikono ya ndagala, nikamvuta mpaka katikati. "Tazama juu. Nioneshe tundu. Nioneshe moja tu inayoingiza mwanga, halafu ubebe bati zako uende."

Akatazama. Alitazama muda mrefu, anageuka pole pole kama mutu aliyeingia msikitini. Hakuona hata moja. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nilifikiri pamebaki majani tu."

Akaniuliza jina lako. Nikamtajia lote, na la baba yako na la babu yako. Akaliandika. Wiki iliyofuata alirudi, akaenda ofisi ya komini mbele ya musitanteri, mkuu wao, akatia saini kwamba uzine na uwanja wake mpaka mtoni ni vya watu wote, na hakuna atakayeuza. Simsifu sana, alikuwa amechelewa. Lakini alisaini, na shati lake lilikuwa bado na alama za vidole vyangu. Kulifua alishindwa, au hakutaka, mimi sijui.

Sasa ngoja nikuambie sehemu ya kujivunia, maana hapo nilikukumbuka mpaka nikataka kukuita.

Komini ilituletea injinia wa kutengeneza uzine, kijana anaitwa Fabrice. Mutoto mzuri, ana heshima, anasalimia amahoro kwa mikono miwili, lakini kichwa kigumu. Akasema kabla ya yote ni sakafu, imepasuka, tutamwaga sima, saruji mpya, juu yake. Nikamwambia, "Mwanangu, hapo hapatashika." Akatabasamu kama wanavyotabasamia wazee. "Bibi, hii ni betoni, si sufuria." Wakamwaga. Ikakauka, ikapendeza, wakapiga picha. Siku chache baadaye Mama Neema akapita na kikapu kichwani, sima ikamfuata mguuni. Ilitoka vipande vipande kama chapati iliyoungua. Fabrice akamwaga tena, dawa nyingine, ikatoka tena. Akakaa chini, kofia yake ya plastiki mapajani. Akasema labda tuvunje sakafu yote. Na kuvunja ile sakafu kungemaliza pesa yote tuliyopewa, meza na vitanda visingepata hata msumari.

Nikamwambia, "Sasa umemaliza kusoma, niulize mimi."

Mimi naijua ile sakafu. Imekunywa mawese tangu ujana wako, kila kopo lililomwagika, kila pipa lililofurika. Betoni iko imeshiba mafuta. Nitampaka nini mutu aliyepakwa mafuta? Kwanza namuogesha. Nikatuma wanawake kuokota mikungu mikavu ya mawese, ile iliyobaki bila ngazi. Tukaichoma, tukachuja majivu na maji ya moto, vile mama yangu alivyonionesha. Tukamwaga, tukasugua na mifagio ya uwanja, wanawake mstari mzima, vitenge vimefungwa juu ya magoti.

Baba Amina, sakafu ilitoa povu.

Ilitoa povu kama beseni! Mafuta na majivu vilikutana, ikawa sabuni chini ya miguu yetu. Watoto wakaja kuteleza. Mama Neema alianguka na makalio akacheka mpaka akashindwa kusimama. Fabrice anapiga kelele, "Bibi, ni kimia hiyo tuliyosoma shule, ni kimia kabisa!" Nikamwambia sijui kimia, najua kufua. Na nikawaambia wachimbe shimo kwanza, povu lisiende Dama likaua samaki wa watu. Tulisugua hivyo mara nyingi, siku nyingi, mpaka maji yakabaki maji. Fabrice akamwaga sima yake ya tatu. Mpaka leo iko. Nimeipiga na mchi kuhakikisha.

Mara ya kwanza povu lilipotoka nilinusa, na ilikuwa harufu ya nguo zako za kazi. Wenzangu walifikiri majivu yameniingia machoni. Nikawaacha wafikiri hivyo.

Sasa uje uone. Upande wa mapipa kuna vitanda vya waya, ndagala zinakauka hata mvua ikinyesha, upepo unapita kutoka ziwani. Upande wa presi wametia meza, wasichana wanashona. Chumba kidogo cha Patroni, kile chenye dirisha, wanapimia uzito wa watoto wachanga siku ya nesi. Nje mpaka mtoni kuna mabomba ya kufulia, na wazee wanacheza karata, wanadanganyana. Waislamu, wakristo, watu wa Gatete, watu wa ng'ambo ya ziwa, wote ndani. Ukutani wameandika kwa rangi ya bluu NYUMBA YA WOTE. Hakuna anayesema hivyo. Mutu akiulizwa unaenda wapi, anasema, "Kwa Zamu." Hata musitanteri siku ya sherehe alijikwaa, akasema tumekusanyika hapa Kwa Zamu. Nilisimama mstari wa mbele na kitenge changu cha Idi, nikatazama huku na huku nione nani ananitazama. Wote walikuwa wananitazama.

Sikuombi msamaha. Nimefikiri sana, sikuombi. Lakini na mimi nilikukosea kwa kitu kimoja, nikisema leo sitasema tena. Nilikuita mjinga. Kama ungenipa ile bati niliyolilia, mwaka wa pili ningeomba ya pili, na majirani wangeomba, na leo tungekuwa na majani. Ulikuwa na kichwa kigumu, na siku ile ugali haukulegea. Hayo mawili yabaki hivyo hivyo.

Nakuahidi: siku mutu yeyote akija na kufuli, awe na kofia gani, atanikuta nimekaa pale mlangoni. Na mimi nikija huko kwako, Amina atakaa. Nimeshamwambia. Amekunja uso, lakini hakukataa.

Basi kaa na amani ya Mungu, muzee wangu. Magoti yapumzike. Na ukimkuta Patroni huko, usimvulie kofia. Akikuuliza uzine yake iko namna gani, mwambie imejaa watu, na mke wako amekataa kumtoa hata mmoja.

Mimi,
Mama Amina