Ningengoja Tarehe Ishirini na Moja

Othaya,
8 Oktoba.

Kwa dada yangu Wakonyo,

Nakusalimu kutoka huku kwa baridi. Natumai Nanyuki inakutunza, na wale wanafunzi wako wamekuachia sauti kidogo. Mimi niko mzima, na urembo umezidi mpaka watu wa soko wanalalamika.

Mashine ya kukata nyasi za ng'ombe ilifika. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani chai, naiwasha, nayo inaimba mpaka ng'ombe anasinzia wima. Hapo naota macho wazi. Naona zile siku zisizo na riba za kadi yako ya mkopo, uliyonipa niinunulie, zikipita polepole, nyeupe, deni liko ndani yake lakini halijaamka.

Usidhani sikukuelewa kwa sababu shule niliachia Form Two. Tabby wa duka la mashine alinicheka ati nimeshika kadi kama kitambulisho cha kuokota. Nikamfundisha! Nikamwambia benki inafunga hesabu tarehe ishirini, halafu inakupa siku ishirini na tano za kulipa. Ukinunua ishirini na moja, unaingia hesabu ya mwezi ujao, unalipa katikati ya Novemba, bonasi ya chai ya Mama ikiwa imeshafika. Ukinunua ishirini, unalipa kufikia kumi na tano Oktoba. Akaniuliza kama mimi ni meneja wa benki. Nikasema bado nafikiria. Kisha akaniuliza, leo si ndiyo ishirini?

Dada, risiti ni ya tarehe ishirini Septemba, na sikusahau. Asubuhi hiyo nilimkuta Mama ameketi kwenye nyasi za napier, panga limemkata mkono wa kulia, kitambaa kimelowa damu, na bado anakata kwa mkono wa kushoto. Akasema siku moja si kitu, ningoje ishirini na moja, nisiharibu mpango wako. Hiyo moja ilinishinda.

Bonasi bado, na tukilipa nusu tu, riba itatuingia. Kwa hivyo nimeuza simu yangu. Elfu kumi na nane nimekutumia leo kwa laini ya Mama. Imebaki elfu kumi, nakuomba uongeze kabla ya kumi na tano. Haya singeyasema kwa simu yake, anakaa karibu akisikiliza.

Anakusalimu sana. Kidonda kinapona, lakini bado anajilaumu kwa ajili ya tarehe. Akikuuliza, mwambie ishirini ndiyo ilikuwa mpango wako.

Ndugu yako mtanashati,
Mwai