Majani Nyuma ya Jiko

Bujumbura, 4 Oktoba 2022

Baba mpendwa,

Amahoro? Goti lako likoje? Mimi mzima. Kwa Hubert wa basi nakutumia mfuko wa tangawizi pori. Si ya chai, baba. Inatambaa chini, na majani yake mapana hufunika udongo kwenye kivuli, mahali nyasi hazioti. Ipande nyuma ya jiko, chini ya mti wa avoka. Mizizi usiifukie sana, na tafadhali usifagie tena pale. Udongo unaobakizwa na ufagio, mvua inaumalizia, na sasa msingi wa jiko uko nje. Ni kazi yangu, naijua.

Binti yako,
Eliana

Rumonge, 20 Oktoba 2022

Eliana,

Amahoro. Goti ni lile lile.

Tangawizi isiyoingia kwenye chai ni ya nini? Nimempa mbuzi, amenusa akaondoka. Matajiri wako wa mtaa wa Kiriri hawajui kushika ufagio, ndiyo maana wanalaza majani uani na kuyaita bustani. Huku ua wenye majani ni ua wa mvivu. Marehemu mama yako alifagia mpaka ardhi inang'aa, nami nafagia hivyo hivyo. Mfuko nimeutupa nyuma ya jiko, kwenye kona ufagio usikofika.

Nimekusomesha unesi, leo unanifundisha kupanda magugu. Hubert alipouleta watu walikuwapo. Niliwaambia ni dawa kutoka hospitali yako.

Baba yako,
Pontiani

Bujumbura, 2 Novemba 2022

Baba,

Natumaini goti limepoa. Sina hospitali. Mwaka wa nne huu natunza bustani za watu, nina wafanyakazi sita. Kama unanionea haya, usihangaike na barua zangu pia. Sitaandika tena mpaka uwaambie majirani kazi yangu.

Eliana, mtunza bustani

Rumonge, 15 Januari 2023

Eliana,

Heri ya mwaka mpya. Bado umenuna? Mtu mzima kununa kwa sababu ya magugu. Speciosa wa jirani amekuulizia, nikamjibu wagonjwa ni wengi.

Baba yako

Rumonge, 28 Aprili 2023

Eliana mwanangu,

Amahoro. Je, u mzima? Kwa kweli nauliza.

Mvua ya juma lililopita imeangusha ukuta wa jiko, upande ninaoufagia. Upande nilikotupa mfuko, majani yako yametambaa bila ruhusa yangu na udongo umebaki wote. Watu walikuja kutazama. Speciosa akainama, akayafunua, akauliza nani amepanda. Neno nesi lilikuwa tayari mdomoni. Nikasema ni ya Eliana, kazi yake ni bustani, nesi hakuwahi kuwa, mimi nilidanganya.

Hakuna aliyeshtuka. Speciosa akasema, "Mzee, siye tunajua zamani. Tulimuona Buja iko na jembe, wafanyakazi wanamuita patroni. Tulinyamaza juu ya wewe, tulikuonea huruma."

Miaka minne wameniuliza habari za wagonjwa wako, wamesikiliza kwa adabu, nami nikawatajia mpaka magonjwa. Nimedharau watu wengi maishani mwangu, lakini mpumbavu wa kiasi hiki sijapata kumwona.

Ukuta nitausimamisha mwenyewe. Ua sijui nianzie wapi. Njoo unionyeshe. Njoo mchana, na jembe lako begani, upite mbele ya nyumba ya Speciosa.

Baba yako