Mkamwana Anauliza Afya Yangu

Jumatatu 5/5/2025
Asifiwe, mke wa mwanangu Jairo, siku hizi mhudumu wa afya wa kijiji. Anapita kwa wazee na karatasi, anauliza afya yako unaionaje. Kwangu kasimama nyuma ya jiko. Kwa mila yetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala mkamwana hamsemeshi, wengine wameacha, mimi sijaacha. Anamwuliza mke wangu Tupokigwe, naye Tupokigwe ananiuliza mimi.
Nikapaza sauti – andika Ambindwile, nzuri sana. Miaka thelathini na moja kiwandani, chumba cha kuchekecha chai, vumbi mpaka kwenye kope. Sijalazwa hata siku moja. Wa chumba kile wote wamekufa, nimebaki mimi.
Tupokigwe kasema yake mbaya. Magoti, mgongo. Yeye alichuma chai tu, kazi ya wanawake. Halafu huyo, kaenda mpaka Kawetele na mkungu wa ndizi kichwani. Mgonjwa gani.

Jumatano 7/5
Kikohozi. Baridi hii.
Njia ya shambani nimekaa mara tatu. Kuangalia migomba.
Tupokigwe kasema, Baba Jairo, mwambie mkamwana unavyohema. Nikamwambia kuumwa ni kwenu wanawake, kila siku mnaumwa. Akasema, "Sisi tunasema. Nyie tunawazika."
Nilikuwa na uji mdomoni.

Ijumaa 9/5
Asifiwe tena, nyuma ya jiko. Daktari wa vifua anakuja Tukuyu Jumatatu, siku moja tu, waliofanya kazi viwandani waende. Tupokigwe akaniuliza, aandike jina la baba? Nikasema andika la mama yako, ndiye mgonjwa.
Nikasikia kalamu inaandika. Sijui kaandika la nani.

Jumatatu 12/5
Kaandika langu.
Nikasema siendi, nina kazi. Nikabeba mkungu niupandishe barabarani, waone. Sikufika nusu ya kilima. Mkungu uko kule chini, mimi nimekaa kwenye matope. Pumzi haishuki. Daftari lilikuwa ndani ya koti.
Tupokigwe magoti hayamruhusu kupanda huku. Kamtuma Asifiwe. Amesimama hatua tano, kanipa mgongo. Leo kanisemesha mwenyewe, kaniita baba kwa lugha yetu.
"Tata, gari linaondoka saa nne. Sigeuki. Shika mwamvuli nikuvute."
Kaurudisha nyuma, mpini umenifikia gotini.
Nimemwambia ngoja, naandika.
Kasema, "Andika, Tata. Nakusikia unavyohema."
Mvua inaanza. Mwamvuli hajaufungua.